Gitaa la umeme kwa mkono: kutoka kipande cha mninga hadi mlio wa kwanza

Maswali ninayoulizwa ni yale yale. Nitumie mbao gani? Lazima niwe na mashine? Kwa nini gitaa nililotengeneza linalia sawa nyuzi zikiwa wazi, lakini nikibana freti ya tano (freti ni vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo) sauti inatoka nje ya tyuni? Nayajibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili ukiwa umeshika ubao mkononi ujue kinachofuata.

Kabla ya yote, gitaa la umeme linaharibika kwenye vipimo viwili: mstari wa kati, na urefu wa uzi kutoka kizingiti cha kichwani (kile kipande chenye mifereji ambamo nyuzi hupita kabla ya vifunguo) hadi kwenye daraja, yaani chuma kinachoshikilia nyuzi mwilini. Ukikosea rangi utaikwangua upaka upya. Ukikosea waya utauchomoa. Lakini gitaa lenye shingo iliyopinda pembeni, au daraja lililofungwa mahali pasipo pake, halitapiga wimbo hata uliwekee pikapu (vile vinasa mlio vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi) za bei ghali kiasi gani. Kwa hiyo muda wako mwingi utumie hapo.

Na gitaa la kwanza usichonge shingo. Najua inauma kusikia hivyo. Shingo ina freti 21 au 22, kila moja na mahali pake pasipokubali kosa hata la nusu milimita, na ndani yake kuna fimbo ya chuma inayoizuia isipinde. Hiyo ni kazi ya gitaa la pili. Sasa hivi tafuta gitaa bovu la umeme: mwili umepasuka, nyaya zimekatika, lakini shingo imenyooka. Yapo mengi kwa mafundi na kwa bendi za makanisani, na wenyewe huyauza kwa bei ya kutupa. Humo utapata shingo, vifunguo vya kukazia nyuzi, pikapu, na pengine daraja.

Umbo ninalokushauri ni la Telecaster. Leo Fender alikuwa fundi redio mjini Fullerton, California, na gitaa hili alilolitoa mwaka 1950 lina akili ya fundi redio ndani yake: ubao bapa, shingo iliyofungwa kwa skrubu nne, kila kitu kinafunguka na kutengenezeka. Shingo inalala sambamba na mwili, haina pembe ya kuhesabu wala gundi. Kwa mwanafunzi hakuna mwalimu bora.

Vitu vya kuwa navyo

Mbao kwanza. Unahitaji ubao uliokwisha kupigwa randa wenye urefu wa sentimita 45, upana wa 35 na unene wa milimita 45. Mbao mbili za inchi mbili kwa nane, zikiunganishwa ubavu kwa ubavu, zinatosha na kubaki.

Mninga ndio chaguo langu. Unachongeka vizuri, ukikauka hautikisiki ovyo, na rangi yake haihitaji msaada. Mwili wa Telecaster wa mninga unakaribia kilo mbili na nusu. Mkangazi ni mwepesi kidogo na unafaa sana. Mvule unafaa pia, ila wakati mwingine ndani yake hujificha vijiwe vya chokaa vinavyong'oa makali ya patasi, na vumbi lake linawasha. Paina ni laini na inaingia makovu kwa urahisi, lakini usiidharau: magitaa ya majaribio ya Fender mwaka 1949 yalikuwa ya paina. Kama mfuko ni mwembamba, anza nayo.

Mpingo usiutumie kwa mwili. Huo ni mti wa klarineti na zumari za Ulaya, mzito hadi unazama majini; mwili wake ungekaribia kilo tano na bega lako lisingekusamehe. Lakini kipande kidogo kilichobaki kwa wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, kinatoa vitufe vizuri sana vya volyumu.

Usinunue mbao nzima dukani. Zungukia karakana za samani, Keko ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi au popote ulipo, uulizie vipande vilivyobaki. Kinachoenda jikoni kama kuni mara nyingi kinatosha gitaa.

Vifaa vingine:

- msumeno wa mkono mwembamba au jigso
- drili, na biti za milimita 3, 5, 10 na 22. Biti bapa ya milimita 25 itakuokolea siku nzima ya kuchimba
- patasi mbili zenye makali ya kunyoa nywele, milimita 12 na 25
- tupa ya mbao, randa, guni (kipima pembe mraba), na rula ya chuma ya sentimita 100
- klampu nne
- misasa namba 80, 120, 180, 240, 320, 400, kisha 800, 1000, 1500 na 2000 kama utapaka laka
- pasi ya kulehemu na risasi yake, na mita ya umeme
- daraja lisilo na springi. Kama gitaa bovu lina daraja la springi, liache. Linadai mashimo ambayo hutaki kuyachimba sasa
- barakoa ya vumbi na miwani. Vumbi la miti yetu migumu linaingia kifuani na kukaa.

Mashine ya ruta (ya kuchimbia mbao) ikiwepo, vizuri. Isipokuwepo, drili na patasi zinafanya kila kitu kilichoandikwa hapa. Agosti 1963 Brian May, kijana wa Uingereza, alianza kutengeneza gitaa nyumbani pamoja na baba yake. Shingo ilitoka kwenye fremu ya mbao ya meko kuukuu, springi kwenye pikipiki, alama za ubao wa vidole kwenye vifungo vya nguo vya mama yake. Iliwachukua takriban miaka miwili. Gitaa hilo ndilo linalosikika nyuma ya sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, kwenye rekodi za bendi ya Queen.

Hatua kwa hatua

1. Kausha, kisha unganisha. Mbao ya sokoni hata kama muuzaji ameapa kwamba ni kavu, iweke ndani ya nyumba juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote. Ipime kwenye mizani kila wiki na kuandika uzito. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki tatu mfululizo, iko tayari. Ukiruka hapa, kiungo kitaachia na shimo la shingo litabadilika upana baada ya miezi. Piga randa kingo mbili hadi zikikutanishwa na kuangaliwa kwenye mwanga hauoni uwazi. Paka gundi nyeupe ya mbao, bana, acha usiku kucha. Usibane hadi gundi yote ikamwagika nje. Kiungo kikavu ni kiungo dhaifu.

2. Chora mstari wa kati. Utumie rula ya chuma na kisu, usitumie penseli butu. Uchore mbele, uupitishe kwenye kingo zote mbili kwa guni, uchore na nyuma. Kuanzia sasa kila kipimo kinatoka kwenye mstari huu, hakuna kinachopimwa kutoka ukingoni. Kisha weka mwili wa Telecaster wa rafiki, au kielelezo cha kadibodi, ufuatishe umbo.

3. Chimba shimo la shingo kabla ya kukata umbo. Wengi hufanya kinyume. Ubao ukiwa bado mraba unabanika vizuri mezani na pembe zake ni za kuaminika. Pima kitako cha shingo yako wewe, usiamini namba za watu. Kwa kawaida ni upana wa milimita 56, na shimo lina kina cha milimita 16. Weka shingo juu ya ubao, mstari wa kati wake ukiwa juu ya mstari wa kati wa mwili, ufuatishe kwa kisu. Toboa ndani ya alama kwa biti bapa, ukiwa umefunga utepe kwenye biti kuonyesha kina, kisha nyoosha kuta na sakafu kwa patasi.

Kata pungufu kidogo, jaribu, punguza, jaribu tena. Shingo ikiingia kwa kusukumwa na mkono na mwili ukaning'inia bila kudondoka, hapo umefika. Sakafu ya shimo iwe bapa kabisa. Ikiwa na mwinuko hata wa nusu milimita, nyuzi zitakaa juu mno au zitagusa freti, na hutajua sababu.

4. Kata umbo. Pita nje ya mstari kwa milimita mbili au tatu, kisha malizia kwa tupa na msasa. Kingo zizungushe kidogo. Mahali pa mkono wa kulia unaweza kukwangua mteremko. Hii ndiyo sehemu ya raha, ifurahie, ila usiguse eneo la shimo la shingo.

5. Funga shingo. Tundu nne kwenye mwili ziwe kubwa kuliko skrubu, ili skrubu ipite bila kushika na ing'ate kwenye shingo tu. Zikishika pande zote mbili, shingo haitabanana na mwili na mlio utakuwa mfu. Kwenye shingo toboa kwa biti ya milimita 3, utepe ukionyesha kina. Kitako kina unene wa takriban milimita 25 na hutaki kutokea upande wa freti. Sugua skrubu kwenye mshumaa kabla ya kuzikaza.

6. Tafuta mahali pa daraja. Soma hatua hii mara mbili.

Pima kutoka ukingo wa kizingiti, upande unaotazama freti, hadi katikati ya freti ya 12. Zidisha kwa mbili. Huo ndio urefu wa uzi. Kwa shingo za aina ya Fender ni milimita 648, yaani 324 hadi freti ya 12. Kama shingo yako ni 628, basi 628 ndiyo kweli yako, na mchoro wowote wa Telecaster hauna kauli tena hapa.

Sasa chukua daraja. Vile vitandiko vidogo vya chuma vinavyobeba nyuzi huenda mbele na nyuma kwa skrubu. Kitandiko cha uzi mwembamba kilete karibu na mwisho wa safari yake ya mbele, yaani kuelekea shingoni. Kilele chake ndicho kikae milimita 648 kutoka kizingiti. Uzi mnene utahitaji kurudi nyuma milimita mbili hadi nne zaidi, na nafasi ya kurudi itakuwepo.

Kabla hujatoboa, funga nyuzi mbili za kushonea kutoka kwenye vifunguo vya pembeni kabisa hadi kwenye vitandiko vya pembeni, daraja likiwa limeshikiliwa na utepe tu. Angalia shingo yote: umbali kati ya uzi na ukingo wa ubao wa vidole ulingane kushoto na kulia. Usipolingana, sogeza daraja pembeni, hata kama litatoka kidogo kwenye mstari wa kati. Nyuzi ndizo zinazopigwa, mstari haupigwi.

Gitaa langu la kwanza nilipima kutoka mwisho wa ubao wa vidole badala ya kizingiti. Daraja lilipotea kwa milimita sita. Niliziba mashimo kwa vijiti vya mninga na kutoboa upya, na alama zipo hadi leo. Tangu hapo napima leo, nalala, napima kesho, ndipo natoboa.

7. Chimba mashimo ya pikapu na umeme. Pikapu moja karibu na daraja inatosha kwa sasa. Shimo la pikapu kina cha milimita 18 hadi 20, la volyumu takriban 38, ukiangalia usitokee nyuma. Toboa njia ya waya kwa mshazari kutoka shimo moja hadi jingine, na tundu la milimita 22 ubavuni la jeki, yaani pale pa kuchomeka waya wa amplifaya. Usisahau njia nyembamba ya waya kutoka shimo la pikapu hadi chini ya daraja. Wengi huikumbuka wakiwa wameshapaka laka.

8. Funga kila kitu, weka nyuzi, piga. Naam, kabla ya rangi. Gitaa tupu la mbao likilia sawa, lifungue lote. Ukitoboa tundu la ziada baada ya rangi utalia.

9. Msasa. Anza namba 80, kisha 120, 180, 240, kwa kufuata nyuzi za mbao. Usiruke namba: mikwaruzo ya 80 haiondolewi na 240, inafichwa tu, na mafuta yakiingia yote inajitokeza. Ukimaliza 240, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, acha ikauke, vinyweleo vya mbao vitasimama, vipitishe tena 240.

10. Umaliziaji. Hapa kuna njia mbili.

Mafuta: kwa mninga sitaki kusikia rangi nyingine. Tumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Paka kwa kitambaa, subiri dakika kumi na tano, futa yote yaliyobaki juu. Rudia kesho, na keshokutwa, mara tano au sita. Ukiacha mafuta mazito juu yatanatanata kwa wiki nyingi. Onyo lisilo na mzaha: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo hupata joto chenyewe na kuwaka moto bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke, au kizamishe kwenye maji.

Laka: mninga na mkangazi vina vitundu wazi, kwa hiyo anza na sila (kizibio cha vitundu), paka, acha ikauke, sugua kwa 320, rudia hadi uso uwe bapa. Kisha laka ya NC (nitroselulosi) iliyopunguzwa kwa tina, kiyeyusho chake, tabaka nyembamba sita hadi kumi, mbili au tatu kwa siku. Msimu wa masika, hasa pwani, usipige laka asubuhi yenye unyevunyevu; itageuka nyeupe kama maziwa. Ikitokea, subiri siku kavu na upulizie tina kidogo juu yake; mara nyingi inarudi. Fanya kazi nje, mbali na jiko, ukiwa na barakoa ya kemikali. Zile rangi za magari za kuchanganya na kigumishi waachie wenye chumba na vifaa vyake. Hewa yake inaharibu mapafu.

Baada ya tabaka la mwisho tundika gitaa wiki tatu hadi nne. Ndiyo, wiki. Laka iliyokauka juu bado ni laini chini, na ukiing'arisha mapema itazama kwenye vitundu na alama zitarudi. Kisha sugua kwa maji, 800 hadi 2000, na malizia kwa kompaundi ya kung'arishia magari. Kwenye kingo sugua kwa mkono mwepesi, huko ndiko laka inakoisha kwanza.

11. Umeme. Waya moto wa pikapu, yaani unaobeba mlio, unaenda mguu wa pembeni wa volyumu, mguu wa kati unaenda ncha ya jeki, mguu wa tatu unaunganishwa na mgongo wa volyumu, na huko ndiko zinakokutana nyaya zote za chini (za ardhi): waya wa chini wa pikapu, wa jeki, na wa daraja. Kwa pikapu ya koili moja tumia volyumu ya kilo-omu 250, kwa ya koili mbili 500. Kabla ya nyuzi, chomeka kwenye amplifaya na ugonge pikapu taratibu kwa bisibisi. Ukisikia mlio wa kugonga, umepata.

12. Nyuzi na marekebisho. Ni lazima ziwe za chuma, kwa sababu pikapu ni sumaku na koili, na uzi wa nailoni haiuoni. Seti ya 10 hadi 46 (unene wa nyuzi kwa elfu za inchi) inavuta shingo kwa karibu kilo 46 ikityuniwa kawaida, kwa hiyo liache gitaa lilale usiku mmoja kabla ya kurekebisha. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho. Karibu na freti ya saba au ya nane ibaki nafasi ya unene wa kadi ya biashara. Ikizidi, kaza fimbo ya shingo robo mzunguko, subiri, pima tena. Kisha weka urefu wa nyuzi kwenye freti ya 12: milimita 1.6 uzi mwembamba, 2 uzi mnene.

Mwisho, kwa kila uzi, linganisha sauti ya kugusa juu ya freti ya 12 bila kubana na sauti ya kubana freti hiyo hiyo. Programu ya kutyunia kwenye simu inatosha. Ya kubana ikiwa juu, rudisha kitandiko nyuma. Ikiwa chini, kilete mbele.

Likigoma

Gitaa linavuma, na ukishika nyuzi mvumo unapungua. Hii ni tabia ya pikapu za koili moja, na inaonyesha waya wa daraja unafanya kazi. Mvumo ukiongezeka unaposhika, nyaya za jeki zimebadilishana.

Kimya kabisa. Pima pikapu kwa mita: koili moja huonyesha takriban kilo-omu 5 hadi 9. Mita isiposoma kitu, waya mwembamba wa ndani umekatika. Ikisoma sawa, angalia risasi yako. Tone lenye rangi ya kijivu iliyofifia halijashika, lipashe moto upya.

Uzi unagonga freti mahali pamoja tu. Freti moja imeinuka. Weka ukingo mfupi wa rula juu ya freti tatu tatu. Ukicheza, ya katikati ndiyo. Igonge taratibu kwa nyundo ya mpira kabla ya kufikiria tupa.

Uzi wa pembeni unatoka nje ya shingo ukiupiga. Legeza skrubu nne za shingo nusu mzunguko, isukume shingo kwa mkono hadi nyuzi zikae katikati, kaza. Isipotosha, rudi kwenye hatua ya 6.

Halikai kwenye tyuni. Watu hulaumu vifunguo, lakini mara nyingi uzi unakwama kwenye kizingiti. Ukisikia mlio wa "tik" unapokaza, ndicho. Sugua unga wa penseli kwenye mfereji wake. Angalia pia kama uzi umezungushwa angalau mara mbili kwenye kifunguo.

Vitandiko vimefika mwisho wa safari na sauti bado haijalingana. Daraja limefungwa pasipo pake. Ziba tundu kwa vijiti vya mbao ile ile na gundi, acha usiku kucha, pima kutoka kwenye kizingiti, toboa upya.